Amplifaya ya Besi ya Valvu Inapozima Ghafla: Ufafanuzi wa Dalili, Vyanzo na Hatua za Uchunguzi katika Mazingira ya Tanga na Pwani ya Kaskazini

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuchunguza amplifaya ya gitaa la besi inayotumia valvu, iliyokwisha kutumika na mwenye awali, ambayo huzima ghafla wakati wa kazi. Hoja kuu ni kwamba kauli "inazima", ambayo wanamuziki huitumia wanapomweleza fundi tatizo, imebeba matukio matatu yasiyofanana: chombo chote kuingia giza huku fyuzi ikiwa nzima, fyuzi kuungua, na sauti kukata ilhali taa zinaendelea kuwaka. Kila tukio lina vyanzo vyake na njia yake ya uchunguzi. Makala inaonesha kuwa sehemu kubwa ya uchunguzi huweza kufanywa bila kufungua chombo, kwa kuzingatia muda wa kuzima, hali ya taa na njia inayopita umeme kabla ya kufika kwenye amplifaya. Inaonesha pia kwamba umeme wa volti 230, transfoma za kushushia umeme, unyevu na chumvi ya bahari ni mambo ambayo fundi wa Tanga hawezi kuyaacha nje ya hesabu yake.

1.0 Utangulizi

Jiji la Tanga lina nafasi ya pekee katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki. Bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilijijengea jina kutoka hapo, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star viliuingiza muziki wa gitaa la umeme na gitaa la besi katika taarabu, kwa mtindo uliotofautiana na taarabu ya Unguja iliyotegemea zaidi fidla, kanuni na udi. Tangu wakati huo besi imekuwa nguzo ya muziki wa pwani hii. Mpiga besi akinyamaza katikati ya wimbo, wachezaji hupoteza mwendo hata kama waimbaji na wapiga gitaa wanaendelea.

Besi ya umeme haisikiki bila amplifaya. Miongoni mwa amplifaya zinazopendwa na wapigaji ni zile za valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo ndivyo vilivyotumika katika redio kabla ya transista kuenea. Bassman ya kampuni ya Fender ilianza kutengenezwa mwaka 1952. SVT ya kampuni ya Ampeg, yenye wati 300 na valvu sita za kutoa nguvu, ilitoka mwaka 1969. Nchini Uingereza, kampuni ya Marshall nayo ilitengeneza Super Bass ya wati 100. Amplifaya za namna hii ni nzito, hupata joto jingi na huhitaji matunzo, lakini sauti yake hupendwa kwa unene na ulaini wake. Anayeinunua leo katika pwani yetu kwa kawaida hununua ya mtumba, ambayo imekwisha kupita katika mikono kadhaa na mara nyingine imekwisha kufunguliwa na mafundi ambao hawakuacha maelezo yoyote ya walichokifanya.

Tatizo linalowasumbua sana wamiliki wa vyombo hivi ni kuzima ghafla. Madhara yake si ya muziki peke yake. Bendi iliyochukua malipo ya awali ya harusi haiwezi kumwambia mwenye shughuli asubiri chombo kipoe. Kwa sababu hiyo hutafutwa njia ya mkato: fyuzi inayoungua hubadilishwa kwa fyuzi kubwa zaidi, au mahali pake hufungwa kipande cha waya. Njia hiyo huweza kumaliza usiku mmoja salama na kuharibu chombo usiku unaofuata, kwa kuwa kinachoungua baada ya fyuzi kuondolewa ni transfoma, kifaa kizito na cha gharama ambacho si rahisi kupata cha kufanana nacho. Hatari kubwa zaidi ni ya uhai, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 7.0.

2.0 Namna Amplifaya ya Valvu Inavyofanya Kazi

Ili kuelewa sababu za kuzima, yafaa kwanza kufuata safari ya umeme ndani ya chombo. Umeme wa ukutani hupita kwenye plagi, fyuzi na swichi, kisha huingia kwenye transfoma ya umeme. Transfoma huugawa katika njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya volti ndogo, kwa kawaida volti 6.3, ambayo hupasha moto hita iliyo ndani ya kila valvu. Huo ndio mwanga wa rangi ya chungwa unaoonekana kwenye kioo. Njia ya pili ni ya volti kubwa, ambayo hunyooshwa na dayodi na kutulizwa na kapasita kubwa. Katika amplifaya nyingi volti hii huwa kati ya 400 na 500, na katika SVT hukaribia 700.

Valvu zipo za aina mbili kwa kazi yake. Valvu ndogo hupokea sauti dhaifu ya gitaa na kuikuza hatua kwa hatua. Valvu kubwa za kutoa nguvu, kama 6L6, EL34 au 6550, huisukuma sauti hiyo kupitia transfoma ya sauti hadi kwenye spika. Katika amplifaya kubwa, kila valvu ya kutoa nguvu huwekewa volti hasi kwenye gridi yake, ambayo mafundi huiita bayasi. Bayasi ni breki ya valvu: huzuia mkondo usipite zaidi ya kiasi. Breki hiyo ikikosekana, valvu hupitisha mkondo mkubwa mno, bamba lake la ndani likawa jekundu kama kaa la moto, na fyuzi ikaungua.

Kutokana na maelezo haya, inaonekana kwamba safari ya umeme inaweza kukatika mahali pengi: kabla ya kufika kwenye chombo, kwenye fyuzi, kwenye njia ya hita, kwenye njia ya volti kubwa, au kwenye njia ya sauti. Anayesema tu kwamba chombo "kinazima" hajaeleza ni wapi kati ya hapo safari imekatikia.

3.0 Maana Tatu za Kauli "Inazima"

Kitenzi "zima" kimetoka kwenye moto na taa, na katika mazungumzo ya kila siku hutumika kwa chombo chochote kilichoacha kufanya kazi. Upana huo wa maana hauleti shida katika mazungumzo ya kawaida, lakini katika karakana humfanya fundi aanze kazi gizani. Makala hii inapendekeza kuwa mwanamuziki na fundi watenganishe matukio matatu kwa maneno matatu ambayo tayari yamo katika lugha yetu.

3.1 Kuzimika

Katika kuzimika, chombo chote huingia giza. Taa ya mbele hufa, mwanga wa valvu hufifia taratibu, na feni, kama ipo, husimama. Fyuzi ikitazamwa huwa nzima, na mara nyingi chombo huwaka tena chenyewe baada ya dakika chache. Maana yake ni kwamba umeme umeacha kukifikia. Vyanzo vyake ni plagi iliyolegea, waya wa umeme uliokatika ndani ya ganda lake, swichi iliyochakaa, swichi ya joto iliyofungwa kwenye baadhi ya transfoma, au kifaa cha nje kinachokata umeme kwa kujilinda.

3.2 Kuungua kwa Fyuzi

Hapa pia chombo huingia giza, lakini hakirudi mpaka fyuzi ibadilishwe. Maana yake ni kwamba mkondo uliopita ulizidi kiwango cha fyuzi. Kuna uwezekano wa aina mbili: ama ndani ya chombo kuna hitilafu inayovuta mkondo mkubwa, ama fyuzi yenyewe si ya kiwango kinachotakiwa. Fundi asikimbilie uwezekano wa kwanza kabla ya kuuondoa wa pili.

3.3 Kukata kwa Sauti

Taa zinawaka, valvu zina mwanga, lakini spika ziko kimya. Umeme wa hita unafika, hivyo tatizo liko kwenye njia ya volti kubwa au njia ya sauti. Vyanzo vyake ni fyuzi ya ndani ya volti kubwa, soketi ya valvu iliyolegea, jeki iliyoshika kutu, waya wa spika uliokatika, au maungio ya risasi yaliyopasuka ambayo hushikana yakiwa baridi na kuachana yakipata joto. Baadhi ya amplifaya za miaka ya karibuni zina pia saketi ya ulinzi inayonyamazisha chombo na kuwasha taa ya onyo.

4.0 Muda kama Ushahidi

Baada ya kujua ni tukio la aina gani, swali linalofuata ni: lilitokea lini? Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Katika amplifaya, dalili iliyo wazi zaidi ni saa.

Ikiwa fyuzi inaungua mara tu swichi inapowashwa, kabla valvu hazijapata joto, valvu za kutoa nguvu si mtuhumiwa wa kwanza, kwa kuwa valvu iliyo baridi haipitishi mkondo. Wa kutazamwa ni dayodi zilizopitiliza, kapasita kubwa iliyokufa, transfoma, au kitufe cha kuchagua volti kilichowekwa mahali pasipofaa.

Ikiwa inaungua baada ya nusu dakika hivi, au pale swichi ya stendibai inapofunguliwa, basi kwa kawaida tatizo ni valvu ya kutoa nguvu iliyogusana ndani kwa ndani, au bayasi iliyokosekana.

Ikiwa chombo kinafanya kazi vizuri kwa dakika 20 hadi saa moja ndipo kinazima, mtuhumiwa ni joto. Kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya kutoa nguvu inaweza kuanza kuvujisha volti chanya inapopata moto. Volti hiyo huila bayasi kidogo kidogo mpaka breki inaisha. Maungio ya risasi yaliyopasuka, swichi ya joto na transfoma ya nje iliyoelemewa nayo huonekana katika muda huu.

Ikiwa kinazima pale tu mpiga besi anapopiga kwa nguvu, mtuhumiwa ni mahitaji makubwa ya mkondo. Noti nzito ya chini huvuta nishati nyingi kwa mara moja. Fyuzi iliyo ndogo kuliko inavyotakiwa, waya mrefu na mwembamba wa kurefushia umeme, au valvu inayorusha cheche ndani itajionesha hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kumpelekea fundi chombo, mwenye nacho aandike mambo matano: kilizima baada ya muda gani, kilikuwa kinapigwa kwa sauti kiasi gani, taa zipi zilibaki, kilirudi chenyewe au la, na kilikuwa kimechomekwa wapi na kupitia vifaa gani. Kumbukumbu hiyo fupi humpunguzia fundi saa nyingi za kubahatisha.

5.0 Umeme Kabla ya Kufika kwenye Chombo

5.1 Tofauti ya Volti na Mizunguko

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimekusudiwa volti 117 hadi 120 na mizunguko 60. Nyingi za Uingereza zilitengenezwa kwa umeme unaokaribiana na wetu, na baadhi zina kitufe cha kuchagua volti kwa nyuma. Hivyo, hatua ya kwanza kwa mwenye chombo cha mtumba ni kusoma kibati cha nyuma.

Tofauti ya mizunguko nayo ina uzito wake. Transfoma iliyobuniwa kwa mizunguko 60 pekee, ikipewa volti ileile kwa mizunguko 50, chuma chake hubebeshwa mzigo wa sumaku uliozidi kwa sehemu moja ya tano. Transfoma hupata joto hata kabla noti haijapigwa. Transfoma ya kushushia umeme hupunguza volti tu; haibadilishi idadi ya mizunguko. Kwa chombo cha namna hiyo, joto haliwezi kuondolewa kwa kubadilisha valvu.

5.2 Hesabu ya Fyuzi

Chombo kinachotumia wati 600 huvuta ampia 5.1 katika volti 117, lakini huvuta ampia 2.6 tu katika volti 230. Hivyo fyuzi inayofaa kwa umeme wa Marekani ni takribani mara mbili ya ile inayofaa kwa umeme wetu. Makosa mawili huzaliwa hapa. La kwanza ni chombo kubadilishwa waya za ndani kiwe cha volti 230 huku fyuzi ya zamani ikiachwa; fyuzi hiyo huwa kubwa mno na haitalinda kitu. La pili ni kinyume chake: chombo kinaendeshwa kwa volti 117 kupitia transfoma ya kushushia umeme, huku kimewekewa fyuzi ya volti 230. Chombo kizima kabisa kitaunguza fyuzi kila kinapopigwa kwa nguvu, na fundi atatafuta hitilafu isiyokuwepo.

Zaidi ya ukubwa, fyuzi hutofautiana kwa wepesi wa kuungua. Herufi T kwenye kifuniko chake huonesha fyuzi inayovumilia msukumo mfupi wa mkondo, na herufi F huonesha inayokata haraka. Transfoma kubwa huvuta mkondo mwingi kwa kitambo kifupi inapowashwa, na ndiyo maana fyuzi ya nje ya amplifaya za namna hii kwa kawaida huwa ya T. Aliyeweka ya F yenye namba ileile ataona inaungua bila sababu ya ndani. Aidha, fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu mipana isichukuliwe kuwa mbadala, kwani katika volti 230 huruhusu karibu wati 3,000 kupita. Kazi yake ni kulinda waya; hailindi amplifaya.

5.3 Umeme Mdogo na Vifaa vya Kinga

Kile ambacho watu wa pwani hukiita "umeme mdogo" kinaweza kuleta kuzima kwa njia mbili. Kwanza, volti ya ukutani ikishuka kutoka 230 hadi 190, volti ya hita hushuka kutoka 6.3 hadi karibu 5.2. Valvu hupoteza nguvu na sauti hufifia. Pili, na jambo hili husahaulika zaidi, wamiliki wengi huchomeka vyombo vyao kupitia stabilaiza au kilinda friji, maarufu kwa jina la frijigadi. Vifaa hivi hukata umeme volti inaposhuka chini ya kiwango, na vingi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Mwenye amplifaya huona chombo kimeingia giza na kurudi baada ya muda, akadhani kimepata moto na kupoa. Chombo hakina kosa lolote. Kinga yake ndiyo iliyofanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

6.0 Unyevu, Chumvi na Joto la Pwani

Hewa ya Tanga, Pangani na Bagamoyo hubeba unyevu na chumvi mwaka mzima, na zaidi wakati wa masika. Chumvi hushika miguu ya valvu, soketi, jeki na vishikio vya fyuzi. Mguu wa valvu ulioshika kutu huongeza ukinzani mahali ambapo mkondo wa hita ni mkubwa. Maungio hayo hupata moto, hulegea na kuachana. Soketi ya valvu ya kutoa nguvu ikipoteza mguso wa gridi, bayasi haifiki, na tukio lililoanza kama kutu dogo huishia kuwa fyuzi iliyoungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Usafishaji wake si mgumu. Chombo kikiwa kimechomolewa na kupoa kabisa, valvu huchomolewa moja baada ya nyingine kwa kushika kitako, miguu yake husuguliwa taratibu na kupanguswa kwa spiriti safi, kisha hurudishwa palepale ilipotoka. Jeki za nyuma, hasa zile za kuunganishia vifaa vya nje vya sauti, nazo husafishwa, kwa sababu katika amplifaya nyingi sauti hupita katika mguso wa jeki hata pasipochomekwa kitu. Jeki hiyo ikishika kutu, sauti hukata na kurudi bila mpangilio.

Kuhusu joto, valvu huhitaji hewa inayopita. Amplifaya iliyosukumwa hadi ukutani, iliyofunikwa kitambaa cha mapambo, au iliyokaa kwenye jua la alasiri kabla ya shughuli kuanza, huanza kazi ikiwa tayari karibu na kikomo chake.

7.0 Hatua za Uchunguzi

7.1 Uchunguzi Usiohitaji Kufungua Chombo

Hatua ya kwanza ni kuchomeka chombo moja kwa moja ukutani, pasipo waya wa kurefushia wala kifaa cha kinga, ikiwa volti yake inaruhusu. Hatua ya pili ni kusoma namba na herufi ya fyuzi na kulinganisha na kibati. Hatua ya tatu ni kubadilisha waya wa spika na kuhakikisha kwamba omu za spika zinalingana na tundu lililotumika. Amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila spika, kwa kuwa nishati isiyokuwa na pa kwenda huweza kuunguza transfoma ya sauti.

Hatua ya nne inaweza kuitwa taa ya ushahidi. Taa ndogo ya mezani huchomekwa kwenye chanzo kilekile kinachoilisha amplifaya. Chombo kikizimika na taa ikafa pamoja nacho, kosa liko nje ya chombo. Taa ikiendelea kuwaka, kosa liko kwenye chombo au waya wake. Kipimo hiki hakihitaji utaalamu wowote.

7.2 Uchunguzi wa Fundi

Kazi ya ndani ni ya fundi aliyezoea volti kubwa. Kapasita huweza kuhifadhi mamia ya volti muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa, na chaji hiyo inatosha kuua. Baada ya kuchomoa plagi, fundi hutoa chaji kupitia rezista ya omu 10,000 au zaidi, yenye wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye waya zenye ganda imara; kisha hupima kwa mita mpaka volti chache tu zibaki. Kutoa chaji kwa kugusisha bisibisi ni hatari kwa macho na kwa kapasita yenyewe. Anapopima chombo kikiwa na umeme, hutumia mkono mmoja na kuuweka mwingine mbali na chesisi, na hafanyi kazi hiyo peke yake.

Kwa chombo kinachounguza fyuzi, kifaa cha kwanza ni balbu ya kizamani ya waya, ya wati 100, iliyounganishwa kwa mfululizo na chombo. Balbu hiyo katika volti 230 hairuhusu zaidi ya ampia 0.43 kupita, hivyo hitilafu haiwezi kuleta madhara makubwa. Balbu ikiwaka sana kwa kitambo kisha ikafifia, hakuna mgusano mkubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, mgusano upo. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazifai kwa kazi hii.

Kisha fundi huchomoa valvu zote za kutoa nguvu na kujaribu tena. Balbu ikififia, kosa liko kwenye valvu, soketi au bayasi. Ikiendelea kuwaka, kosa liko kwenye dayodi, kapasita kubwa au transfoma. Valvu zikiwa bado nje, na balbu ya kinga ikiwa imeondolewa baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mgusano, fundi hupima volti hasi katika kila soketi kwenye mguu wa gridi. Soketi zote zinapaswa kusoma volti hasi zinazokaribiana. Soketi moja inayosoma karibu na sifuri, au ambayo usomaji wake unasogea kuelekea sifuri chombo kinapopata joto, inaonesha kapasita inayovuja au rezista iliyokatika. Hapo ndipo fundi hubadilisha kifaa, si kabla.

8.0 Mfano wa Kufikirika

Ili kuonesha mantiki hii kwa ujumla wake, tuchukue mfano wa kubuni. Amplifaya ya Marekani yenye kibati cha volti 117 na wati 600 inatumika katika harusi mjini Pangani kupitia transfoma ya kushushia umeme. Kila baada ya dakika 40 inaingia giza, na baada ya dakika 20 inawaka tena. Mwenye chombo ameambiwa abadilishe valvu zote.

Tukianza na aina ya tukio, hili ni kuzimika, kwa kuwa fyuzi ni nzima. Hilo peke yake linaondoa valvu katika orodha ya watuhumiwa wa kwanza, maana valvu mbovu ingeunguza fyuzi au ingekata sauti. Tukitazama muda, dakika 40 zinaashiria joto. Swali linalobaki ni joto la kifaa kipi. Taa mbili za ushahidi zinawekwa, moja ukutani na nyingine kwenye tundu la kutolea la transfoma ya kushushia, ambako balbu ya waya ya volti 230 itawaka kwa mwanga hafifu. Chombo kinapozimika, taa ya ukutani inaendelea kuwaka na ile ya transfoma inakufa. Kosa limepatikana bila bisibisi kutumika. Kibati cha transfoma hiyo kikisomwa, kinaonesha uwezo wa wati 500. Inaelemewa, inapata moto, inajikatia umeme, inapoa na kurudi. Dawa ni transfoma ya wati 1,000, iliyowekwa mahali penye hewa, wala si seti mpya ya valvu.

Lau taa ya transfoma ingeendelea kuwaka, uchunguzi ungehamia kwenye waya wa chombo, swichi na swichi ya joto ya ndani, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndio mpangilio unaofuatwa na umeme wenyewe.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuzima ghafla kwa amplifaya ya valvu si hitilafu moja, bali ni jina la matukio matatu. Kuzimika huelekeza macho kwenye njia ya umeme, kuungua kwa fyuzi huelekeza kwenye mkondo uliozidi au fyuzi isiyofaa, na kukata kwa sauti huelekeza kwenye volti kubwa au njia ya sauti. Muda wa tukio hupunguza idadi ya watuhumiwa, na mazingira ya pwani huongeza wengine ambao miongozo ya watengenezaji wa ughaibuni haikuwafikiria: frijigadi, transfoma ya kushushia umeme na chumvi kwenye soketi.

Jambo moja linastahili kukaziwa kwa wanamuziki na mafundi kwa pamoja. Fyuzi ni shahidi, na shahidi hanyamazishwi kwa kipande cha waya. Fyuzi ya kiwango sahihi inapoungua mara ya pili, kazi ya usiku huo kwa chombo hicho imekwisha, na bendi yenye busara huwa na amplifaya ya akiba, hata kama ni ndogo na ya transista. Kesho yake chombo kipelekwe kwa fundi pamoja na maelezo yaliyoandikwa: kilizimika, kiliunguza fyuzi, au kilikata sauti, na baada ya dakika ngapi.